Nani Mmarekani wa Kweli Chunguni?

Muulize Mmarekani chakula cha kwao ni kipi, atakutajia hamburger, hot dog na pai ya tufaha bila kupepesa macho. Sasa vikague vyakula hivyo kama afisa uhamiaji wa mpakani: hamburger ina jina la mji wa Ujerumani, soseji ya hot dog imetoka huko huko, na tufaha lenyewe asili yake ni milima ya Kazakhstan. Basi mwenyeji ni nani?

Tumeandaa mashindano. Anayeruhusiwa kushiriki ni zao lililoanza kulimwa katika bara la Amerika, au pishi lililobuniwa huko hata kama viungo vyake vilivuka bahari. Tukisema Amerika tunamaanisha bara zima, kuanzia Kanada hadi ncha ya Chile. Tukisema Marekani, ni ile nchi ya majimbo 50. Mizani iko mezani.

1. Mkongwe kuliko wote: boga

Katika pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca nchini Mexico, wanaakiolojia walichimbua mbegu za maboga yaliyolimwa na watu miaka ipatayo 10,000 iliyopita. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, ambako sisi huwapeleka wageni wakashangae ukongwe wake, una miaka kama 1,000. Uzidishe mara kumi ndipo umfikie yule mkulima wa Oaxaca. Mafarao walipoanza kupanga mawe ya piramidi za Giza, boga lilishalimwa kwa zaidi ya miaka 5,000.

Na uzito? Mwaka 2023 Travis Gienger wa Minnesota alipeleka kwenye mizani ya Half Moon Bay, California, boga moja la kilo 1,246.9. Ni magunia 12 ya mahindi ndani ya ganda moja, na Toyota Vitz ingepanda juu kama ingewekwa upande wa pili wa mizani. Taji hilo lilidumu miaka miwili. Mwaka 2025 ndugu wawili wa Uingereza, Ian na Stuart Paton, wakaja na la kilo 1,278.8. Zao la Amerika, kombe la Mwingereza. Inauma, ila mizani haina uzalendo.

2. Aliyebadilika kuliko wote: mahindi

Kama kuna medali moja tu ya kugawa, ipelekwe hapa.

Babu wa mahindi ni nyasi iitwayo teosinte. Suke lake linaweza kulala juu ya kidole cha mtoto. Lina punje 5 hadi 12, na kila punje imefungiwa ndani ya ganda gumu la kuvunja jino. Ukiipita shambani ungeing'oa kama gugu. Wakulima wa bonde la mto Balsas, kusini-magharibi mwa Mexico, waliichagua punje kwa punje, msimu kwa msimu, kuanzia miaka ipatayo 9,000 iliyopita. Leo hindi moja lililonona lina punje mia nane hivi. Hakuna mmea mwingine wa chakula uliotengwa hivyo na wazee wake. Hata wataalamu wa mimea walibishana kwa miongo mingi kama kweli hao ni ndugu.

Sasa tuingie kwenye tarakimu. Mwaka 2023 Marekani peke yake ilivuna mahindi tani milioni 389. Yapakie kwenye semitrela za tani 30 na utahitaji karibu milioni 13. Zipange bampa kwa bampa, kila moja ikiwa na urefu wa mita 18: msururu unafika kilomita 234,000, yaani unaizunguka dunia kwenye ikweta karibu mara 6! Foleni ya Tunduma, hata siku yake mbaya kabisa, ni mstari wa watoto wa chekechea. Na wala si ugali wanaopika. Sehemu kubwa ya mlima huo huliwa na ng'ombe, nguruwe na kuku, au hugeuzwa ethanoli ya kuendeshea magari.

Ugunduzi mkubwa zaidi haukuwa shambani bali jikoni. Wenyeji wa Mexico na majirani zao huchemsha mahindi makavu katika maji yenye chokaa au majivu, kisha huyaacha yalale usiku kucha. Asubuhi ukiyafikicha kiganjani, ganda linateleza lenyewe na punje inabaki laini, imevimba, ina harufu ya udongo uliolowa mvua. Hapo ndipo unga wa tortilla unapopatikana. Chokaa pia huifungua vitamini ya niasini iliyojificha ndani ya punje. Wazungu walichukua mahindi wakaacha chokaa. Mwanzoni mwa karne ya 20 maskini wa kusini mwa Marekani, walioishi kwa kula unga wa mahindi, walikumbwa na ugonjwa wa pelagra. Ngozi ilibabuka, akili ikayumba, na watu wakafa kwa maelfu. Daktari Joseph Goldberger ndiye aliyethibitisha kwamba tatizo lilikuwa sahani, si vijidudu. Dawa ilikuwa imekaa kwenye jiko la mwenyeji kwa maelfu ya miaka.

3. Kitafunwa kikongwe: bisi

Magunzi ya mahindi ya bisi yenye umri wa miaka ipatayo 6,700 yamepatikana pwani ya kaskazini ya Peru. Sinema ilizaliwa mwaka 1895. Bisi zilikaa zaidi ya miaka 6,500 zikisubiri filamu ianze.

4. Mzaliwa halisi wa Marekani: alizeti

Mahindi na maboga ni mabingwa wa Amerika, lakini cheti chao cha kuzaliwa kimeandikwa Mexico. Nani kazaliwa ndani ya mipaka ya hii Marekani ya leo? Alizeti! Mbegu zake za shambani zilizochimbuliwa huko Tennessee zina zaidi ya miaka 4,000. Wahispania wakaibeba Ulaya karne ya 16, ikawa ua la kupamba bustani. Ni Warusi, karne ya 19, walioitazama wakaona mafuta ndani yake, wakaizalisha hadi ikawa na vichwa vinene, kisha mbegu hizo zikavuka bahari kurudi kwao kama mgeni.

Mafuta ya Singida yanayouzwa kwenye madumu kando ya barabara kuu yametoka kwenye ukoo huo huo. Nani ana alizeti ndefu zaidi? Mwaka 2025 mkulima mmoja wa Fort Wayne, Indiana, aliotesha iliyofika mita 10.9. Twiga dume mrefu hufika mita 5 na nusu. Msimamishe mmoja juu ya utosi wa mwingine, na yule wa juu ndiye atakayelitazama ua hilo machoni.

5. Mkali kuliko wote: pilipili

Kabla ya mwaka 1492 hapakuwa na pilipili ya kuwasha India, wala Thailand, wala Unguja. Pilipili manga ilikuwepo, lakini ile ni mmea mwingine kabisa. Pilipili kichaa, pilipili mbuzi na hoho zote ni wajukuu wa Amerika.

Mwaka 1912 mfamasia Mmarekani Wilbur Scoville alibuni kipimo cha ukali. Dondoo la pilipili kavu lilizimuliwa kwa maji ya sukari hadi waonjaji wasihisi tena mwasho. Siku hizi mashine ndiyo inayopima, lakini hesabu imebaki ya Scoville. Jalapeño ya Mexico ina vipimo 2,500 hadi 8,000. Habanero, ambayo ni ndugu wa tumbo moja na pilipili mbuzi yetu, hufika 350,000. Kinara wa dunia anaitwa Pepper X, amezalishwa na Ed Currie wa South Carolina, akatawazwa mwaka 2023: vipimo 2,693,000.

Kwa lugha ya mtaani, lita moja ya dondoo lake ingehitaji maboza 269 ya maji ya sukari, kila boza lita 10,000, ndipo ulimi utulie. Currie mwenyewe aliimeza nzima, na akasema moto ulimkaa kwa saa tatu na nusu. Ni karibu muda ule ule treni ya SGR inaoutumia kutoka Dar hadi Dodoma, na abiria huyu hakuwa na kituo cha kushukia.

6. Aliyelimwa juu zaidi: kiazi

Tumempa jina la viazi ulaya. Ulaya gani? Kiazi ni mtoto wa milima ya Andes, kando ya ziwa Titicaca, ambako maji yenyewe yako mita 3,812 juu ya usawa wa bahari. Kambi ya Horombo, ambako wapanda Kilimanjaro hulala wakiwa wamejifunika kila walichonacho, iko mita 3,720. Yaani pale Mtanzania anapoanza kuumwa kichwa, mwenzake wa Andes ndiyo kwanza anashuka kwenda kutupa nyavu ziwani. Huko kuna aina zaidi ya 4,000 za viazi: vyeusi, vya zambarau, vilivyojikunja kama tangawizi. Wakulima huvitandaza nje usiku vigande kwa baridi, mchana huvikanyaga kwa miguu kuvikamua maji, wakirudia siku kadhaa. Zao hilo la kukaushwa huitwa chuño, na hukaa ghalani kwa miaka bila kuoza.

7. Mgema mwenye kazi ngumu: sharubati ya mepo

Kwetu wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huko Vermont na Quebec mgema kazi yake ni kuyatoa. Mwisho wa majira ya baridi, usiku ukiganda na mchana ukipata joto kidogo, utomvu hupanda ndani ya mti wa mepo. Mgema hutoboa shina, hupachika kimrija na kukinga matone. Utomvu ni kama maji matupu yenye utamu wa mbali. Chemsha madumu mawili ya lita 20, ukeshe na kuni, mvuke ukilowanisha dari, upate chupa moja ya lita. Arobaini kwa moja! Na mti wenyewe huachwa ukue miaka 30 hadi 40 kabla ya kutobolewa.

Wenyeji kama Abenaki na Anishinaabe walikuwa wakigema kabla ya meli za Wazungu kutia nanga. Thamani yake? Kati ya mwaka 2011 na 2012 wezi walihamisha karibu tani 3,000 za sharubati hiyo kutoka kwenye ghala la akiba la Quebec. Hizo ni shehena za semitrela 100. Mapipa mengine waliyajaza maji ili yasikauke machoni mwa walinzi, nao hapo wakawa wagema wa kwetu.

8. Mwenye pasipoti za uongo nyingi zaidi: bata mzinga

Ndege huyu ni wa Mexico na Marekani, tena amefugwa huko kwa zaidi ya miaka 2,000. Lakini Waingereza walimwita kwa jina la Uturuki, Wareno kwa jina la Peru, na Waturuki wenyewe, waliosingiziwa, wakamwita hindi, yaani wa India. Sisi hindi letu ni la kuchoma kwenye makaa na kupakwa chumvi na ndimu, na nalo ni la Amerika lililosingiziwa India hiyo hiyo. Halafu tukamwita bata, wakati hata kuogelea si kazi yake.

Rais Abraham Lincoln alipotangaza Sikukuu ya Shukrani ya taifa zima mwaka 1863, ndege huyo alihukumiwa rasmi. Kwa makadirio ya wafugaji wake, Wamarekani humaliza bata mzinga wapatao milioni 46 kwa sikukuu hiyo moja. Sensa ya Kenya ya mwaka 2019 ilihesabu watu milioni 47.6. Kila Mkenya, kuanzia Lamu hadi Lodwar, angekaribia kupata ndege mzima wa peke yake. Aliyekuwa mnene kupita wote aliitwa Tyson: kilo 39.09 baada ya kunyonyolewa na kutolewa utumbo, mwaka 1989. Mbuzi wengi wa kienyeji hawamfikii wakiwa hai na pembe zao. Alifugwa wapi? Uingereza, tena! Hawa watu sijui wanalisha nini.

9. Waliotolewa kwa kadi nyekundu

Pai ya tufaha. Wamarekani wana msemo kwamba jambo likiwa lao hasa, ni la Kimarekani kama pai ya tufaha. Mapishi ya Kiingereza ya pai hiyo yaliandikwa mwaka 1381, miaka 111 kabla ya Kolombo. Tufaha la Kazakhstan, ngano ya Mashariki ya Kati, mdalasini wa Sri Lanka. Nje!

Chipsi. Kiazi ni cha Andes, lakini kukikata vipande na kukitosa kwenye mafuta ni ugomvi wa Wabelgiji na Wafaransa. Zege la Dar, chipsi mayai la saa nne usiku, lina nusu uraia tu, kwa sababu kuku ametoka Asia.

Tomato sauce inaponea chupuchupu. Jina lake lile la ketchup lilitoka kwenye mchuzi wa samaki wa Kusini-Mashariki mwa Asia, lakini nyanya ni ya Amerika, na mapishi ya kwanza kuchapishwa ya ketchup ya nyanya ni ya James Mease wa Philadelphia, mwaka 1812. Abaki, akae benchi.

10. Anayegombewa na baba wengi zaidi: hamburger

Nyama ya kusaga iliyokandwa ikakaangwa ni ya Wajerumani.  Lakini nani aliifungia ndani ya mkate ili mtu ale akitembea? Hapo miji ya Marekani imekunjana mashati. Seymour, Wisconsin, wanasema ni Charlie Nagreen, maonyesho ya mwaka 1885. Hamburg, New York, wanasema ni ndugu wa familia ya Menches, mwaka huo huo wa 1885. Athens, Texas, nao wana mtu wao, Fletcher Davis. Na New Haven, Connecticut, kuna mgahawa mdogo wa matofali, Louis' Lunch, unaosema ulianza kuiuza mwaka 1900 na unaendelea hadi leo.

Mimi kura yangu naipa New Haven, kwa ukaidi wao tu. Nyama husimamishwa wima ndani ya majiko ya chuma ya mwaka 1898, moto ukiichoma pande mbili kwa pamoja na mafuta yakidondoka chini. Hakuna mkate wa duara. Ni slesi mbili zilizobanikwa, jibini, kitunguu na nyanya. Ukiomba ketchup unakataliwa, na hakuna rufaa.

Kuanzia hapo ni mbio. Mwaka 1921 White Castle ilifungua duka lake la kwanza mjini Wichita, Kansas, ikauza hamburger kwa senti 5. Seymour, kwa kutaka kuwafunga wenzao midomo, mwaka 2001 walichoma moja ya kilo 3,749. Ni Hiace mbili za abiria, tupu, zikiwa zimewekwa kwenye mkate. Hukumu: nyama ina asili ya Ujerumani, ila kitendo cha kuifungia mkate ni cha Marekani. Anaingia fainali.

11. Mwenye kasi zaidi: hot dog

Kila tarehe 4 Julai, Coney Island, New York, mbele ya duka la Nathan's Famous lililofunguliwa mwaka 1916, watu wanashindana kumeza. Joey Chestnut mwaka 2021 alikula 76, mkate na soseji, kwa dakika 10. Ni moja kila sekunde 8 hivi. Hapo hujamaliza kuitafuta noti mfukoni, na konda ameshakupigia kelele mara mbili. Mwaka 2024, kwenye pambano lingine lililorushwa na Netflix, akafika 83. Siri yake ya Coney Island ni maji: mkate hulowekwa ukawa uji kabla ya kuingia mdomoni. Hapendezi kumtazama.

12. Waliotoka jalalani hadi kileleni: mabawa ya Buffalo

Mwaka 1964, katika Anchor Bar ya mji wa Buffalo, Teressa Bellissimo alikaanga mabawa ya kuku, akayagaragaza kwenye siagi na mchuzi wa pilipili, akayapeleka mezani na vijiti vya selari na sosi ya jibini. Hadi siku hiyo bawa mara nyingi lilikuwa la kuchemshia supu. Leo, wikiendi ya Super Bowl, fainali ya mpira wao, Baraza la Kuku la Marekani hukadiria kwamba zaidi ya mabawa bilioni 1.4 huliwa. Ujaze Uwanja wa Benjamin Mkapa mashabiki 60,000 wa Simba na Yanga, uwagawie sawasawa: kila mmoja ana mabawa zaidi ya 23,000 ya kumaliza kabla ya kipenga cha mwisho.

13. Mwenye subira kupita wote: kidari cha Texas

Neno lao la kuchoma nyama, barbecue, lilitoka kwa Wataino wa visiwa vya Karibi, ambao walijenga kichanja cha miti juu ya moto. Texas ya kati, wachinjaji wenye asili ya Ujerumani na Czech waliongeza moshi. Huchukua kidari cha ng'ombe, sehemu ngumu iliyokuwa ya bei ya chini, hupaka chumvi na pilipili manga, kisha hukiweka mbali na makaa ili kiive kwa moshi wa kuni za mwaloni, saa 12 au zaidi. Basi litoke Dar alfajiri, lipite Morogoro, Mikumi, Iringa, Makambako, lishushe abiria Mbeya usiku, ndipo kidari kitolewe. Nje ni cheusi kama gome. Ukikikata kinatikisika. Mwenye kibanda cha nyama choma anayekuambia "dakika tano tu, bosi" asipelekwe Texas.

14. Aliyesafiri kwa mzunguko zaidi: karanga

Alizaliwa Amerika Kusini, karibu na mahali Bolivia na Argentina zinapokutana. Wareno wakamleta Afrika, akazoea mchanga wetu, na meli za watumwa zikamrudisha ng'ambo hadi Virginia. Atlantiki mara mbili ndipo afike Marekani. Mwaka 1916 George Washington Carver wa Tuskegee alichapisha kijitabu chenye njia 105 za kuipika. Siagi ya karanga, wanayoipenda kama roho zao, haki yake ya ubunifu ya mwaka 1884 ilisajiliwa na Mkanada, Marcellus Gilmore Edson. Majirani wa kaskazini hawakosi kuwakumbusha.

15. Mwenye damu nyingi zaidi: gumbo

Anayedhani chakula halisi cha nchi ni kile kisicho na mgeni ndani yake, aende New Orleans. Jina gumbo linatokana na neno la Kibantu la bamia. Kwa Kimbundu cha Angola ni ki-ngombo. Litamke taratibu utasikia ndugu yetu anaongea. Bamia lenyewe ni la Afrika. Unga wa kukaangwa kwenye mafuta ni mbinu ya Wafaransa. Unga wa majani ya sasafrasi, unaonyunyizwa mwishoni kuupa mchuzi uzito, ni wa Wachoktaw, wenyeji wa eneo hilo. Soseji, kamba, kaa, na wali pembeni. Hakuna kijiji Angola wala Ufaransa ambacho kingeweza kukipika chakula hiki peke yake.

Kazi iko mwanzoni. Unga na mafuta husongwa kwenye moto mdogo kwa mwiko, bila kupokea simu na bila kufungua mlango. Unapita rangi ya mchanga, unapita rangi ya karanga za kukaanga, hadi ukaribie kahawa. Ukizidisha dakika moja unaungua, vidoa vyeusi vinatokea, na hapo unamwaga chote uanze upya. Ukifika rangi unayoitaka unatupia vitunguu, hoho na selari, ambavyo wapishi wa Louisiana huviita utatu mtakatifu. Sufuria inanguruma, mvuke unapanda, na mpishi kwa mara ya kwanza anaruhusiwa kuvuta pumzi. Katika mapishi yote yaliyobuniwa ndani ya Marekani, kombe langu ni hapa.

16. Pacha aliyepotezana na ndugu yake: makande

Mwaka 1643 Roger Williams, mhamiaji aliyeishi na Wanarragansett kaskazini-mashariki mwa Marekani ya leo, alichapisha kitabu cha lugha yao. Wakati huo Wareno walikuwa bado wamejifungia Fort Jesus, Mombasa. Ndani ya kitabu kuna neno msickquatash, mahindi yaliyochemshwa mazima. Kwa Kiingereza cha leo limekuwa succotash: mahindi na maharage katika chungu kimoja.

Mahindi na maharage! Wote ni wazaliwa wa Amerika. Wenyeji wa huko, kama Wahaudenosaunee, waliyapanda shimo moja pamoja na maboga, wakayaita dada watatu: hindi linasimama, haragwe linalipanda na kurutubisha udongo, boga linatambaa chini na kuzuia magugu. Pitia shamba lolote la mama wa Kirua, Murang'a au Ukambani msimu wa mvua, uhesabu dada hao. Watatu, na hakuna anayekosekana.

Kisha tazama chungu. Githeri ya Mkikuyu, makande ya Mpare. Muthokoi wa Ukambani, ambao mahindi yake hukobolewa ganda kwa kutwangwa, ni jibu la kinu kwa kazi ile ile ambayo Mexico inafanywa na chokaa. Tofauti iko kwenye kumalizia. Wa New England hutia siagi, na mara nyingi hutumia mahindi mabichi, kwa hiyo nusu saa anapakua. Wa Same hutumia makavu, huyaloweka tangu jana yake, hutia vitunguu, nyanya na tui zito, na upishi wake ni wa saa tatu. Kwa rekodi ya mkaa, Same anaongoza kwa mbali.